Albamu moja imetugawa watu tisa: kosa ni la bendi au la sabufa?

SWALI

Kaka Mshauri, shikamoo.

Tuko watu tisa, wapenzi wa hevi metali, wengi wetu wa Tabata, Segerea na Buguruni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana sebuleni kwangu, tunasikiliza albamu moja mwanzo hadi mwisho, halafu tunaijadili. Mwezi huu zamu ya kuongoza ni yangu, na tumechagua 72 Seasons ya Metallica. Ilitoka Aprili 14, 2023, lakini kwetu bado ni mpya kwa sababu wengi walikuwa wamesikia nyimbo mbili tatu tu.

Ugomvi umetangulia kikao. Mafaili yalirushwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mtu akasikiliza kivyake, na sasa hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wa kwanza anasema bendi imezeeka, nyimbo ni ndefu mno na zinafanana. Wa pili anasema sauti ni mbovu: kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inagonga kama kucha kwenye meza, matoazi yanachemka kama mafuta ya sambusa, besi haipo kabisa, na kwamba ni yale yale ya Death Magnetic, albamu yao ya zamani. Wa tatu hataki kusikia solo za mpiga gitaa Kirk Hammett, anasema zote ni wah-wah-wah. Walioipenda wanajibu kwamba anayelalamika si shabiki wa kweli. Yule wa pili amejitoa kwenye kundi.

Tunatumia sabufa yenye spika mbili ndogo. Ipo kwenye kona nyuma ya kochi, na tunaiunganisha na simu kwa Bluetooth. Chumba ni mita 3 kwa 4, na mama mwenye nyumba anaishi ukuta wa pili. Faili la wimbo wa kwanza, wa dakika 7 na sekunde 39, lina MB 3.7, folda zima lina MB 37. Safari hii atakuja pia binamu yangu wa miaka 17, mtoto wa singeli, hajawahi kusikiliza metali.

Mimi mwenyewe sijui nimesimama wapi. Nikiisikiliza mtandaoni kwa hedifoni naipenda, nikiiweka kwenye sabufa jioni inanichosha. Nifanyeje Jumamosi isiwe vita?

Mdogo wako, Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Sehemu kubwa ya jibu umeileta mwenyewe, katika mambo mawili uliyoyataja kwa kupita: ukubwa wa faili, na hedifoni dhidi ya sabufa. Kundi lenu linabishana juu ya vitu vinne kana kwamba ni kimoja. Kuna nyimbo zenyewe, kuna namna zilivyorekodiwa na kumiksiwa, yaani sauti za vyombo zilivyochanganywa, kuna faili mlilonalo mkononi, na kuna kifaa kinacholipiga. Mnaweza kubishana mpaka alfajiri kama hamjajua lipi ni lipi.

Tuanze na faili, maana hapo hesabu haina ushabiki. Dakika 7 na sekunde 39 ni sekunde 459. Chukua MB 3.7, zidisha kwa 8, unapata megabiti 29.6. Gawa kwa sekunde 459, inakuja kama kilobiti 64 kwa sekunde. Folda linathibitisha: albamu nzima ni dakika 77 na sekunde 10, yaani sekunde 4,630, na MB 37 zinarudi kwenye kilobiti 64 zile zile. MP3 ya kilobiti 64 inatosha kwa mawaidha au mahojiano ya redio. Kwa metali haitoshi hata kidogo, na sababu ni hii: mtu akizungumza kuna mapengo ya ukimya, na sauti yake ni nyepesi kubanwa. Gitaa lililokwaruzwa na amplifaya pamoja na matoazi ni mvumo usiokatika, unaojaza sauti za chini, za kati na za juu kwa wakati mmoja. Programu inayobana faili inapewa biti chache za kugawia vyote hivyo, kwa hiyo inaanza kutupa, na inatupa za juu kwanza. Kinachobaki cha matoazi ndicho hicho mwenzenu alichokiita mafuta ya sambusa. Maelezo yake ni sahihi kabisa. Alikosea mshitakiwa tu, kwa sababu alilisikiliza faili akadhani ameisikiliza bendi.

Mkitaka kuona kwa macho, fungueni faili kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya Audacity, kisha badilisheni mwonekano wa wimbo kutoka mawimbi kwenda spektogramu. Ni picha inayoonyesha sauti za chini chini na za juu juu. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida inakatika karibu na hezi 16,000, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, kama dari. Ya kilobiti 320 inafika karibu na 20,000. La kwenu litakuwa na dari ya chini zaidi. Ukikuta faili limeandikwa 320 lakini dari yake iko 16,000 au chini ya hapo, ujue mtu alichukua faili dogo akaligeuza kuwa kubwa. Kikombe kimeongezeka, chai ni ile ile.

Kwa hiyo futeni folda hilo lote. Chukueni albamu kwenye huduma halali ya kusikiliza muziki au inunueni. Kwa kilobiti 320 albamu yote itakula kama MB 185 za bando. Kwa 160 ni kama MB 93, na hizo zinatosha kwa kikao chenu. Ipakueni mara moja usiku mtandao ukiwa mwepesi, muisikilize bila intaneti. Kwenye mipangilio ya huduma, ondoeni ubora wa “otomatiki” na muweke ubora wa juu kwa mkono, kwa sababu otomatiki hushusha ubora kimya kimya mtandao ukilegea, na katikati ya wimbo matoazi yanarudi kuchemka bila mtu kujua kwa nini.

Sasa vifaa. Nadhani wengi walisikiliza kwa spika ya simu, maana maelezo yao yananiambia hivyo. Waya mzito wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, na ule wa gitaa la kawaida mara 82. Spika ya simu inaanza kuishiwa nguvu chini ya kama hezi 300. Maana yake ni kwamba besi kwenye simu haisikiki. Unasikia vivuli vyake vya juu tu. Kiki nayo ina sauti mbili ndani ya pigo moja: “dum” la tumbo lake, kati ya hezi 60 na 100 hivi, na “tk” la nyundo inayogusa ngozi, huko juu kwenye 3,000 hadi 5,000. Simu inaitupa dum, inaibakiza tk. Hiyo ndiyo kucha yenu kwenye meza.

Hata solo za Hammett zinaonewa hapo. Pedali ya wah kazi yake ni kuinua kipande kimoja cha sauti za kati na kukisogeza juu na chini kwa mguu, takriban kati ya hezi 400 na 2,000. Ni eneo la sauti ya binadamu, ambalo sikio linalikamata upesi, na ni eneo ambalo spika ndogo inalipiga kwa nguvu kuliko mengine yote. Kwa hiyo kwenye simu kila wah inaruka mbele ya bendi nzima. Simwachii Hammett moja kwa moja, nitarudi kwake, lakini muanze kumpima kwenye spika inayomtendea haki.

Sabufa kwenye kona ina kosa la upande wa pili. Kuta mbili na sakafu vinairudisha besi chumbani, inakuwa nyingi lakini haina sura, na kila noti inageuka mvumo mmoja. Kiki ya mbio inazama ndani ya mvumo huo, na sikio linafanya kazi ya kuitafuta kwa dakika 77. Uchovu wako wa jioni unatoka hapo. Itoe kwenye kona, iwe angalau nusu mita kutoka kila ukuta. Kitufe cha besi kiwe katikati, cha sauti za juu katikati. Zima ekwalaiza ya simu na kikuza besi chochote. Acha Bluetooth, tumia waya wa milimita 3.5, simu ikiwa kwenye kama asilimia 80 ya sauti yake na uongeze au upunguze kwenye sabufa. Simu ikiwa chini sana utakuza na mlio wa amplifaya; ikiwa mwisho kabisa, simu nyingine zinaanza kukwaruza zenyewe. Spika mbili ndogo zipande juu ya stuli, zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mita 1.5 kutoka moja hadi nyingine, zikiwatazama. Watu tisa hawawezi kukaa katikati wote, basi wa pembeni wabadilishane nafasi na wa katikati wakati wa mapumziko.

Kipimo cha sabufa mnacho ndani ya albamu yenyewe. Wimbo wa mwisho, ule wa dakika 11 na sekunde 10, una sehemu katikati ambapo gitaa zinapungua na besi ya Robert Trujillo inabaki mbele. Ipige hiyo kwa sauti ya kawaida. Kila noti ya besi inatakiwa kusikika kwa nguvu inayokaribiana na ya mwenzake. Kama kuna noti moja inayopiga “duuu” na kutikisa vioo vya kabati huku nyingine zimenyamaza, chumba ndicho kinachoimba. Sogeza sabufa sentimita 30, sikiliza tena, sogeza tena. Mara ya tatu au ya nne huwa inakubali. Feni iwe polepole, kwa sababu mvumo wake unafunika matoazi, na mvua ikianza kupiga bati msishindane nayo. Simamisheni mpaka ipungue.

Mwenzenu amelitaja Death Magnetic, na hilo ni kosa la aina nyingine kabisa ambalo linafaa lijulikane. Albamu ile ya mwaka 2008 ilipandishwa sauti mpaka vichwa vya mawimbi vikakatwa. Muziki uliorekodiwa vizuri, ukiutazama kama mawimbi, una vilima na mabonde: snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, inachomoza juu ya gitaa. Ukiubana ili kila kitu kiwe juu, vilima vinakatwa bapa, snea inakosa mahali pa kuchomoza, na mkato huo wenyewe unatoa mkwaruzo. Mashabiki waligundua kwa njia ya ajabu. Nyimbo zile zile zilitoka pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, zikiwa hazijabanwa namna ile, na tofauti ilisikika wazi. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka albamu imiksiwe upya. Kwa hiyo shabiki anayelalamikia sauti si msaliti, na si jambo la jana. Mwaka 1988, kwenye ...And Justice for All, besi ya Jason Newsted ilishushwa mpaka ikakaribia kupotea, na toleo lililosafishwa la mwaka 2018 bado liliacha miksi ile ile. Mwaka 2003, St. Anger ilitoka na snea iliyolegezwa nyaya zake za chini, ikalia kama debe, na hakuna solo hata moja. Hizo faili likiwa zuri au baya, ndivyo zilivyo.

Kama 72 Seasons ina kosa la aina hiyo, mtalipima kwa nakala nzuri. Rudini Audacity, mwonekano wa mawimbi, kisha vuta karibu mpaka uone wimbi moja moja. Vilele vya mviringo au vilivyochongoka ni salama. Vilele bapa vilivyopangana kama meza vinamaanisha vimekatwa. Msitegemee alama nyekundu peke yake, kwa sababu MP3 ikifunguliwa huweza kupita kidogo kipimo hata kama chanzo hakikukatwa. Na kabla ya kulinganisha na albamu ya zamani, washeni kusawazisha sauti kwenye huduma yenu ya muziki. Sikio la binadamu linapenda chenye sauti kubwa zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo ya desibeli 1 au 2. CD za metali za miaka ya 1980 zilitayarishwa kwa sauti ya chini kuliko za sasa. Bila kusawazisha, mtakuwa mnashindanisha vitufe vya sauti.

Baada ya hayo yote, lalamiko la kwanza bado limesimama, na nalichukulia kwa uzito kuliko yote: kwamba nyimbo ni ndefu mno na zinafanana. Hesabu kidogo hapa inashangaza. Master of Puppets ya mwaka 1986 ina nyimbo 8 kwa dakika 54 na sekunde 47, wastani wa dakika 6 na sekunde 51 kwa wimbo. 72 Seasons ina nyimbo 12 kwa dakika 77 na sekunde 10, wastani wa dakika 6 na sekunde 26. Nyimbo za albamu mpya ni fupi kuliko za ile ambayo hakuna shabiki anayelalamikia urefu wake. Kinachochosha basi ni mambo mawili. La kwanza ni idadi. Sahani ya santuri ilikuwa na raha yake karibu na dakika 20 na ushee kila upande, na bendi ililazimika kukata. CD ilipofungua mlango wa dakika 74 na zaidi, kisu kikawekwa kando, Hardwired... to Self-Destruct ya mwaka 2016 nayo ina nyimbo 12 na dakika 77. La pili ni mabadiliko ndani ya wimbo. Nyimbo kadhaa za mwaka 1986 zinasimama katikati, gitaa linasafishwa, mwendo unashuka, kisha rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, inarudi imepata uzito mpya. Albamu hii haina baladi, wimbo mtulivu wa polepole, hata moja, na mara nyingi rifu nzuri inarudi kama ilivyokuja. Ukisikiliza sita mfululizo, sikio halina mahali pa kupumzika. Kwangu mimi, kosa halisi la albamu ndilo hilo, na “bendi imezeeka” hailielezi. James Hetfield, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 59 ilipotoka, Hammett 60, na wimbo wa sita una dakika 3 na sekunde 22 na unakimbia. Anayesema uzee aseme ni wapi: kwenye sauti ya kuimba, kwenye mkono wa kulia, au kwenye uchaguzi wa nyimbo.

Hapa ndipo nakuomba uendeshe kikao kwa karatasi. Mpe kila mtu orodha ya nyimbo 12 kabla ya kuanza. Wakati wa kusikiliza hakuna kuzungumza. Anayechoka aandike dakika na sekunde aliyochoka. Mwisho, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kila mmoja akate nyimbo 4 ili ibaki albamu ya nyimbo 8. Uandishi utangulie maneno, la sivyo mwenye sauti nene ataongoza kura zote.

Kisha hesabu. Watu tisa wakikata nyimbo 4 kila mmoja ni kura 36, na zikigawanywa sawa kila wimbo ungepata 3. Wimbo ukipata kura 7 au zaidi, msibishane: una kasoro ambayo hata wapenzi wake wameisikia, na mjadala mzuri ni kasoro ipi, mkirudi kwenye dakika zilizoandikwa. Kura zikitawanyika, huku 2, kule 4, pale 3, basi albamu haina nyimbo mbovu, ina nyimbo nyingi, na kinachowagawa ni ladha. Na wimbo ambao haukukatwa na yeyote ndio wa kupigwa tena mwisho wa kikao. Sitaki kuvuruga kura zenu, ila nitakuwa mkweli: mimi ningekata tatu, zote za nusu ya pili, na ule wa mwisho, mrefu kuliko nyimbo zote ambazo Metallica wamewahi kutunga kwa albamu zao wenyewe, nisingeugusa.

Kwa Hammett, mpeni mlalamikaji kazi. Ahesabu solo zenye wah na zisizo nayo, aandike na mahali wah inapoanza. Hammett alieleza hadharani kwamba solo nyingi za albamu hii alizipiga papo kwa papo, hakuzitunga noti kwa noti kama alivyofanya zamani. Hilo linaeleza jambo msilolitaja: mtu anayebuni papo hapo hukimbilia anachokijua mguuni na vidoleni. Swali lenu basi liwe kama solo inakwenda mahali, yaani inaanza chini na kupanda mpaka rifu inayofuata inahitajika, au inajaza nafasi tu. Ziko zinazokwenda. Kuna pia zinazojaza, na hapo mlalamikaji wenu ana haki yake yote.

Neno “shabiki wa kweli” liondolewe mezani Jumamosi hiyo. Anayeipenda albamu aonyeshe sekunde anazozipenda; anayeichukia aonyeshe sekunde zilizomkera. Mtu akisema “imenigusa” au “takataka” bila dakika, karatasi inamrudia.

Binamu yako usimwanzishe na dakika 77, atachoka kwa sababu zisizo za muziki. Mtoto aliyekulia kwenye singeli ya Manzese na Mburahati hatishwi na mbio, maana singeli inapita mapigo 200 kwa dakika bila jasho. Kigeni kwake ni mkwaruzo wa gitaa na rifu kushika nafasi ya kiitikio. Siku mbili kabla, mpe wimbo wa sita kwa hedifoni zenye waya, sauti kama asilimia 60, na umwambie afuate ngoma kwanza, gitaa baadaye. Mweleze na jina la albamu, ni rahisi kwake: majira manne kwa mwaka, kama kaskazi, masika, kipupwe na vuli yetu, mara miaka 18 ya kwanza ya maisha, ni majira 72. Hetfield anaimba juu ya mambo yanayomfunga mtu katika umri huo. Yeye ana 17, atakuwa na la kusema kuliko nyinyi. Na akivutiwa na metali ya jirani zetu, mwezi mwingine sikilizeni kundi la Duma la Nairobi, albamu yao ya mwaka 2020. Mbio zake na singeli wataelewana.

Kuhusu mama mwenye nyumba: besi inapita ukutani na sakafuni, sauti za juu hazipiti kirahisi. Kata kandambili kuukuu vipande vinne, weka chini ya pembe nne za sabufa. Mtikisiko wa sakafu utapungua. Unaopita hewani haupungui kwa kandambili, huo unapungua kwa kitufe tu. Mwende mkamwombe mapema, umtajie saa ya kuanza na ya kumaliza, na uzishike. Mkiweza kuongea bila kupaza sauti wakati muziki unapiga, mko salama, na masikio yenu pia: Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu.

Anzeni saa tisa alasiri. Nyimbo sita za kwanza zinachukua karibu dakika 37, sita za mwisho kama dakika 40 na nusu, kwa hiyo kila nusu inalingana na sahani moja ya zamani. Pumzikeni dakika 15 katikati, chai na kubadilishana viti, hakuna mjadala. Saa kumi na nusu na ushee mtakuwa mmemaliza kusikiliza, kura zinahesabiwa, mnajadili, na wimbo ulionusurika unapigwa tena kabla ya adhana ya magharibi.

Yule aliyejitoa kwenye kundi mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Mwambie faili lilikuwa la kilobiti 64, na kwamba matoazi yalichemka kweli kama alivyosema. Mwombe aje nusu saa kabla ya wenzake akusaidie kuiweka sabufa, maana ndiye mwenye masikio makali kuliko wote hapo.